ADIY BIN HATIM, MWINDAJI ALIYEPENDA KUULIZA

Jina la Hatim Tai si geni kwa wasomaji wa pwani. Ni nani kati yetu asiyepata kusikia, barazani au miguuni pa bibi yake, visa vya yule Mwarabu wa jangwani ambaye wageni wakimfikia usiku naye hana kitu, huchinja hata farasi wake ampandaye ili wasilale na njaa? Visa hivyo vimevuka bahari kwa majahazi na kusimuliwa kwa lugha nyingi. Lakini Hatim alikuwa na mwana, na mwana huyu, ambaye kwa sisi Waislamu ametuachia manufaa makubwa kuliko babake, wengi wetu hatumjui ila jina lake litajwapo katika upokezi wa hadithi. Jina lake ni Adiy.

Nimependa kuandika habari zake kwa sababu ya mahali ninapokaa. Mimi ni mtu wa pwani, lakini riziki ilinivuta bara, kwanza Kitale na kisha Bungoma, na huku nimesomesha watoto wa Kiislamu kwa miaka mingi. Waislamu huku tu wachache, na majirani zetu Wabukusu na Wasabaoti ni watu wakarimu ambao hawali peke yao. Wazee wao ni watoto na wajukuu wa wawindaji wa Mlima Elgon. Kwa hiyo maswali niulizwayo msikitini si yale yaulizwayo Mombasa au Lamu. Nyama ya mnyama aliyeuawa kwa mshale yafaa kuliwa? Je, akipigwa magharibi na asionekane mpaka asubuhi? Na akifia majini? Na mshale ukiwa na sumu?

Kila niulizwapo hujikuta narudi kwa mtu mmoja. Maswali hayo, karibu yote, Adiy bin Hatim aliyauliza kabla yetu, na aliyemwuliza alikuwa Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.) mwenyewe.

MWANA WA MKARIMU

Adiy alizaliwa katika kabila la Tayy, kaskazini ya Bara Arabu, penye milima miwili iitwayo Aja na Salma, karibu na mji ambao leo huitwa Hail katika nchi ya Saudi Arabia. Ni nchi ya mawe na mabonde makavu, na watu wake walikuwa wafugaji na wawindaji. Paa na punda-mwitu waliwawinda kwa mbwa waliofunzwa na kwa mishale. Mtoto wa Tayy alijua kuvuta upinde kama mtoto wa Pate ajuavyo kupiga kasia.

Babake alifariki kabla ya Uislamu kudhihiri. Adiy alirithi ukubwa wa kabila, na pamoja na ukubwa huo alirithi desturi ya machifu wa zama zile ya kuchukua robo ya kila ngawira ambayo watu wake waliipata vitani. Kwa dini alikuwa Mkristo. Alikuwa mtu mwenye fahari, aliyezoea kusikilizwa, na habari za Mtume zilipoanza kuenea hakuzipenda kabisa. Aliona kwamba ufalme wake mdogo utamezwa.

Yasimuliwa kwamba alimwagiza mtumishi wake amchagulie ngamia wazuri, wanono na wapole, awaweke karibu na nyumba siku zote, na siku atakayoziona bendera za jeshi la Waislamu amwambie upesi. Siku hiyo ilifika katika mwaka wa 9 wa Hijra, sawa na mwaka 630 wa Miladi, wakati Sayyidna Ali bin Abi Talib alipotumwa kwenda kulivunja sanamu la Tayy. Adiy aliwapakia mkewe na watoto wake juu ya ngamia, akakimbilia Sham kwa Wakristo wenziwe. Lakini katika haraka ile alimwacha nyuma dada yake.

DADA ALIYEMREJESHA

Dada huyo, ambaye jina lake lasimuliwa kuwa ni Saffana, alitekwa pamoja na wengine akapelekwa Madina. Hakuwa mwanamke wa kulia tu. Mtume alipopita alisimama akamweleza hali yake, ya kuwa baba amekufa na mlinzi wake amemkimbia, akaomba aachiliwe. Mtume alimwacha huru, lakini akamtaka asiondoke kwa pupa mpaka apatikane msafara wa watu waaminifu wa kumfikisha kwao. Ulipopatikana alimpa nguo, mnyama wa kupanda na masurufu ya njiani.

Saffana alikwenda moja kwa moja hadi Sham. Alipomwona kaka yake alimkemea bila ya kumwonea haya, kwa kuwa amewaokoa mke na watoto na kumtupa binti wa babake. Adiy hakuwa na la kujibu ila kukiri. Ghadhabu ya dada ilipotulia, alimtaka shauri juu ya mtu yule wa Madina. Saffana alimshauri aende haraka: akiwa ni nabii, aliyetangulia kumfuata atakuwa na fadhila, akiwa ni mfalme, Adiy hatadhilika mbele yake kwa vile alivyo.

Basi mtu aliyekimbia kwa ngamia wanono alirejea kwa hiari yake mwenyewe. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba huo ndio mlango wa kwanza wa tabia ya Adiy: akielezwa jambo likamwingia akilini, hakuona aibu kugeuka.

MTO WA NGOZI

Alipofika Madina, Mtume alimshika mkono akamchukua nyumbani kwake. Njiani mwanamke mmoja mkongwe aliwasimamisha, na Mtume akasimama naye kitambo kirefu akimsikiliza haja zake. Adiy alitazama akajisemea moyoni kwamba hiyo si tabia ya wafalme. Walipoingia ndani, Mtume alimpa mto wa ngozi uliojazwa makumbi ya mtende akalie, na yeye mwenyewe akakaa chini. Adiy, aliyekuwa akila robo ya jasho la watu wake, akaona kwa mara ya pili kwamba huyu si mfalme.

Kisha Mtume akamgusa penye kidonda: akamkumbusha kwamba ile robo aichukuayo haikuwa halali hata katika dini yake mwenyewe aliyokuwa akiifuata. Halafu akamwambia mambo matatu yatakayokuja. La kwanza, kwamba amani itaenea hata mwanamke atasafiri kutoka Hira, nchi ya Iraki, mpaka Kaaba bila ya kumwogopa yeyote ila Mwenyezi Mungu. La pili, kwamba hazina za Kisra, mfalme wa Uajemi, zitafunguliwa. La tatu, kwamba mtu atatoka na dhahabu tele mkononi akitafuta wa kumpa sadaka asimpate. Adiy alisilimu. Aliishi miaka mingi baadaye, na alikuwa akiwasimulia watu kwamba mawili ya mwanzo ameyaona kwa macho yake, na la tatu halina budi kuwa.

Lipo jambo jingine alilouliza ambalo naliona zito kuliko yote. Alimwuliza Mtume juu ya babake Hatim, aliyelisha wenye njaa na kuunga udugu: je, ana ujira? Alijibiwa kwa maana ya kwamba babake alilitafuta jambo, na jambo hilo, yaani kutajika, alilipata. Fikiri, msomaji, uzito wa jibu hilo kwa mwana ambaye fahari yake yote ilisimama juu ya jina la baba. Hakukasirika wala hakuondoka. Aliendelea kuuliza.

UZI MWEUPE NA UZI MWEUSI

Kisa chake kinachojulikana zaidi ni cha mwezi wa Ramadhani. Aya ya Suratul Baqara yaruhusu kula na kunywa usiku mpaka upambanuke uzi mweupe na uzi mweusi wa alfajiri. Adiy aliichukua aya kama alivyoisikia. Alitwaa kamba mbili za kufungia ngamia, moja nyeusi na moja nyeupe, akaziweka chini ya mto wake. Usiku akawa anazitoa anazitazama, azitenge moja na nyingine asiweze, mpaka kulipopambazuka.

Asubuhi alimwendea Mtume akamweleza. Mtume alimfanyia mzaha wa upole juu ya ukubwa wa mto huo unaofunika mbingu nzima, kisha akamfahamisha kwamba makusudio ni weusi wa usiku na weupe wa alfajiri.

Watu husimulia kisa hiki wakacheka, na mimi pia hucheka. Lakini tukumbuke aliyekifanya alikuwa nani. Alikuwa mwindaji. Kazi ya mwindaji ni kukaa katika utusitusi wa alfajiri na wa magharibi, saa ambazo wanyama hutoka kwenda malishoni na majini, na kujiuliza: kile nikionacho ni paa au ni kichaka? Ni mnyama au ni mtoto wa mtu? Jicho la Adiy lilikuwa limezoea swali hilo tangu ujanani. Alipopewa dini alilileta swali lile lile ndani ya dini: nitajuaje kwa hakika?

MASWALI YA MSHALE

Hapo ndipo tunapofika kwenye maswali yake ya uwindaji, ambayo yamo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, na ambayo wanavyuoni wa madhehebu zote wamejengea mlango mzima wa fikihi. Baadhi ya wafasiri husimulia kwamba hata aya ya nne ya Suratul Maida, ihusuyo wanyama waliofunzwa kuwinda, iliteremka kwa sababu ya maswali yake pamoja na mwenzake wa Tayy, Zaid al-Khayl.

Aliuliza juu ya mbwa. Akafundishwa kwamba mbwa aliyefunzwa, akitumwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, alichokikamata chaliwa. Lakini mbwa akila katika windo lile, basi amejikamatia mwenyewe, na bwana wake asile. Na mbwa mwingine akichanganyika naye na isijulikane yupi aliyeua, asile pia, kwa kuwa jina la Mungu alilitaja juu ya mbwa wake tu.

Aliuliza juu ya chombo. Waarabu walikuwa na kitu kikiitwa miraadhi, nacho ni wano mzito usio na manyoya, ambao ukirushwa mara hupiga kwa ncha na mara hupiga kwa ubavu. Akajibiwa kwamba ukitoboa kwa ncha yake, chaliwa. Ukipiga kwa ubavu na mnyama akafa, huyo amekufa kwa kipigo, na Kurani imekwisha mharimisha mnyama aliyekufa kwa kipigo.

Aliuliza juu ya windo lililotoweka. Mtu amepiga mshale, mnyama amekimbia, giza limeingia, naye hakumpata ila baada ya siku moja au mbili. Akajibiwa kwamba asipomwona na athari nyingine ila ya mshale wake, na akipenda, ale. Lakini akimkuta amezama majini asile, kwani hajui kama ni maji yaliyomwua au ni mshale.

Yatazame maswali hayo kwa pamoja. Yote yana mzizi mmoja. Halali hujengwa juu ya yakini, na panapoingia sababu mbili, moja ya halali na moja ya haramu, na isijulikane ipi iliyoua, mkono hurudi nyuma.

PINDE ZA MLIMA ELGON

Sasa niwalete wasomaji huku kwetu. Karibu na Kitale pana bwawa la Saiwa, lililofanywa mbuga ya taifa mwaka 1974, nayo ndiyo mbuga ndogo kuliko zote za Kenya. Hapo huishi mnyama aitwaye nzohe, wa jamii ya paa, mwenye kwato ndefu zilizopanuka za kumwezesha kutembea juu ya matope na mafunjo. Mchana hujificha. Hutoka kula asubuhi mapema na jioni, mwanga unapokuwa haba. Akiogopeshwa hujitosa majini akazama, asibakize ila pua.

Wazee wa vijiji vya hapa wamenieleza jinsi wawindaji wa zamani walivyochagua mishale yao. Mshale wa ndege ulikuwa wa mti mtupu, kichwa chake butu, usije ukampasua ndege mdogo. Mshale wa mnyama mkubwa ulikuwa na kigumba cha chuma. Kigumba kipana hufanya jeraha pana linalomwaga damu, na mwindaji wa jioni huifuata damu ile majanini hata kiza kikianza. Kigumba chembamba huingia ndani sana lakini damu haionekani, kwa hiyo hicho hutegemea sumu iliyopakwa shingoni mwake na kufunikwa kwa ngozi isikauke. Na uko mshale mfupi wa wafugaji, wenye kizuizi, wa kutobolea mshipa wa ng'ombe ili kukinga damu bila ya kumwua.

Nilipoyasikia hayo nilimkumbuka Adiy, kwani ni kama aliketi baraza moja na wazee hao. Mshale butu wa ndege ni ndugu wa miraadhi iliyopiga kwa ubavu: ndege akianguka akiwa hai akachinjwa ni halali, akifa kwa kishindo ni mzoga. Hukumu ni hiyo hiyo kwa manati ya watoto wetu wa pwani. Kigumba kipana chenye makali ndicho chombo kilichokubaliwa, maana hupasua na kumwaga damu. Damu ya ng'ombe iliyokingwa kwa mshale mfupi ni haramu kunywewa, bila ya shaka yoyote. Na nzohe aliyepigwa akajitosa bwawani akakutwa ameelea, huyo ndiye mnyama wa majini wa Adiy hasa.

Ama sumu, wasomaji wa Malindi na Kilifi wanaijua pia, maana Wawaata na Wagiriama waliitengeneza kwa kuchemsha magome na mizizi ya mti wenye sumu, na kwa sumu hiyo Wawaata waliua hata ndovu. Wanavyuoni wamesema mnyama akifa kwa mshale na sumu kwa pamoja haliwi, kwa kuwa zimekutana sababu mbili, isipokuwa akiwahiwa yu hai akachinjwa. Sumu kali imfaayo mwindaji kwa kuangusha windo ndiyo hiyo hiyo imwondoleayo Mwislamu yakini yake.

Juu ya giza, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamekwenda mbali zaidi. Wamesema mtu akitupa mshale gizani kwa kubahatisha tu, akitumaini huenda ukaangukia windo, na ukaua, windo hilo haliwi, maana hakukusudia kitu akijuacho. Lakini akiwa amemhisi mnyama kwa hakika, japo hamwoni vizuri kwa kiza au kwa majani, akampiga, hilo ni jambo jingine. Na juu ya windo lililotoweka usiku kucha, wanafunzi waliosoma kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi watakumbuka kwamba humo imepewa nguvu kauli ya kuharimisha. Lakini Nawawi huyo huyo, katika vitabu vyake vingine, alisema kauli ya kuhalalisha ndiyo yenye dalili sahihi zaidi, na dalili yenyewe ni hadithi ya Adiy. Tazama ukubwa wa swali moja la mwindaji: zaidi ya miaka 600 baadaye liliweza kumfanya imamu mkubwa aiandike kauli ya pili pembeni mwa ile ya madhehebu.

Inafaa niseme wazi kwamba siandiki haya ili kumtia mtu hamu ya kwenda msituni. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imekataza hata uwindaji wa kitoweo. Nyama ya porini iuzwayo kwa siri leo ina shaka juu ya shaka: hujui imekufaje, nani ameiua, na ni ya mnyama gani. Mtu ahitajiye fatwa juu yake na amfikirie Adiy, aliyefunzwa kuacha windo lake mwenyewe mbwa wa pili akionekana karibu.

SIKU TATU ZA TAYY

Mtume alipofariki mwaka wa 11 wa Hijra, yaani 632, makabila mengi yalirudi nyuma, mengine yakakataa kutoa zaka. Hata Tayy waliyumba, na baadhi yao wakaelekea kwa Tulayha aliyedai unabii. Jeshi la Khalid bin Walid lilikuwa njiani. Hapo Adiy alimwomba Khalid asubiri siku tatu, akaenda kwa watu wake akasema nao. Siku tatu zilipokwisha alirudi na wapiganaji 500 waliotengenea, na baadaye akauokoa ukoo mwingine wa Tayy kwa njia hiyo hiyo. Damu nyingi ambayo ingemwagika haikumwagika. Mtu aliyeufunza mkono wake kutoachia mshale kabla ya kujua kilicho mbele, alijua pia kuuzuia mkono wa jemadari.

Zaka ya Tayy ilifika Madina wakati hazina ilipokuwa katika dhiki. Sayyidna Umar hakuisahau. Miaka mingi baadaye, alipokuwa khalifa, Adiy alimjia pamoja na ujumbe, akaona kama hakutambuliwa. Umar alimhakikishia kwamba amjua vyema: kwamba aliamini wenziwe walipokufuru, alitimiza ahadi wenziwe walipoivunja, na sadaka ya watu wake iliung'arisha uso wa Mtume.

Adiy alipigana Iraki, na mji mkuu wa Kisra ulipotekwa mwaka wa 16 wa Hijra (637), akaziona hazina zile alizoahidiwa akiwa amekalia mto wa makumbi. Kisha alifanya makao yake Kufa. Fitina ya Waislamu ilipozuka alisimama upande wa Sayyidna Ali, na katika vita vya Ngamia mwaka 656 yasimuliwa kwamba jicho lake moja liling'oka na mwanawe akauawa. Alikuwako pia Siffin mwaka 657. Hakuwa mtu wa kutafuta vita, lakini hakukimbia tena kama alivyokimbia siku ya ngamia wanono.

MKATE WA CHUNGU

Katika uzee wake watu wa Kufa walimjua kwa mambo mawili. La kwanza, tangu aliposilimu haukuingia wakati wa sala ila ulimkuta na udhu. La pili, alikuwa akivunja mkate vipande vidogo na kuwamwagia chungu, akiwahesabu kuwa ni majirani wenye haki juu yake.

Hapo naona ukarimu wa Hatim umerudi nyumbani, lakini umebadilika. Hatim alichinja farasi na nchi nzima ikajua. Mwanawe aliwalisha wadudu wasiojua kusifu. Lile jibu zito alilopewa juu ya babake lilikuwa limemwingia likafanya kazi yake.

Alifariki Kufa karibu na mwaka wa 68 wa Hijra, yaani mwaka 687 au karibu yake, akiwa na umri mkubwa mno; wako wasemao alifikia miaka 120. Hatukurithi kwake shairi wala kasri. Tulirithi maswali yake, na majibu aliyoyapokea akayafikisha kwa uaminifu, hata yale yaliyomfanya achekwe.

Waswahili husema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Vijana wengi wa pwani sasa wanafanya kazi Kitale, Bungoma, Eldoret na kwingineko, wanakula mezani pamoja na watu wa dini nyingine, na wengi huona haya kuuliza. Mmoja hula kila aletewacho asije akaonekana mshamba. Mwingine hukataa kila kitu kwa ukali hata akamvunjia moyo jirani aliyemkaribisha kwa nia njema. Njia ya Adiy haikuwa moja kati ya hizo mbili. Kwake, swali lililoulizwa kwa adabu lilitangulia mbele ya kula na mbele ya kukataa. Majirani zangu wa huku, nikiwauliza mnyama amechinjwa na nani na kwa namna gani, hawajapata kuudhika hata siku moja. Wengi wao siku hizi, wakiwa na harusi au matanga, hututumia mtu mapema aje kumwita Mwislamu wa kuchinja, kabla ya sisi kuuliza.